Mbwa mlinzi akizeeka na kujikojolea, dawa si rungu

KATIKA vijiji vya Turiani, wilayani Mvomero, mkulima akiulizwa bei ya gunia la mpunga, bei ya mfuko wa mbolea au gharama ya kukoboa, atajibu papo hapo bila kukuna kichwa. Akiulizwa mbwa anayelala mlangoni kwake amemwokolea magunia mangapi tangu aanze kumfuga, atacheka.

Ingefaa apige hesabu hiyo kabla ya kucheka, kwa sababu iko siku ataihitaji. Ni siku ambayo mbwa huyo, baada ya miaka minane au kumi ya kazi, ataamka asubuhi na mahali alipolala pakiwa pamelowa mkojo.

Yanayofuata yanajulikana katika kaya nyingi. Kwanza mbwa hufukuzwa barazani. Kisha hupigwa, kwa kuwa inaaminika amefanya jeuri. Baadaye hunyimwa maji jioni ili asikojoe usiku. Mwishowe hutiwa kwenye kiroba na kutupwa mbali, au huuawa kwa rungu nyuma ya nyumba, na watoto huambiwa kuwa amepotea.

Hatua zote hizo ni makosa. Wapo watakaodhani kuwa hayo ni maneno ya huruma ya watu wa mjini. Ukweli ni kwamba ni makosa ya hesabu, ya afya na ya sheria, na anayeyalipia kwanza ni mkulima mwenyewe.

Kazi isiyoandikwa daftarini

Turiani ni nchi ya chakula. Chini ya milima ya Nguru, kuanzia Mhonda hadi Mkindo na Kichangani, na kuzunguka mashamba ya miwa ya Mtibwa, watu wanalima mpunga, miwa, mahindi na ndizi. Mahali penye chakula hapakosi wezi. Mchana ngedere na nyani hushuka kutoka msituni. Usiku nguruwe pori huingia kwenye mahindi na miwa. Mpunga ukishavunwa na kuwekwa ndani, huja mwizi wa miguu miwili, naye haogopi sanamu ya shambani.

Anayekesha ni mbwa wa kienyeji. Hakununuliwa kwa fedha nyingi, halipwi posho, na chakula chake ni makombo ya ugali na vichwa vya dagaa. Mtu analala kwenye dungu akijua kwamba nguruwe akikaribia, masikio ya mbwa yatasikia kabla ya yake. Mfanyabiashara mdogo wa Madizini anayehifadhi magunia nyuma ya duka naye analala kwa amani ileile.

Kumpata mlinzi wa namna hiyo kunachukua muda. Mtoto wa mbwa akiletwa nyumbani leo, itachukua mwaka mmoja au zaidi kabla hajawa na sauti, nguvu na akili ya kutofautisha jirani na mwizi. Muda mwingi wa kujifunza huutumia kumfuata mbwa mkubwa. Wapi pa kulala, nani wa kubwekewa, wakati gani wa kukimbilia shambani na wakati gani wa kubaki nyumbani, yote hayo mtoto huyaona kwa mkubwa wake.

Kwa hiyo mkulima anayemtupa mbwa mzee mwezi wa mavuno hujikuta na pengo la mwaka mzima, na mtoto wa mbwa asiye na mwalimu. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Mbwa naye akichoka miguu, masikio na pua bado vinafanya kazi.

Kujikojolea si jeuri

Jambo la kwanza ambalo kila mwenye mbwa mzee anapaswa kulielewa ni kwamba mbwa anayevuja mkojo akiwa amelala hajui kama anavuja. Msuli unaofunga mlango wa kibofu umelegea, au kibofu kina ugonjwa, au mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo haifikishi taarifa ipasavyo. Kumpiga kwa kosa hilo ni sawa na kumpiga mtu mwenye kikohozi kwa sababu amekohoa. Fimbo huongeza woga tu, na mbwa mwenye woga hukojoa zaidi.

Jambo la pili ni kwamba neno "kujikojolea" linabeba magonjwa mengi tofauti, na kila moja lina alama zake. Mkulima anayeweza kutofautisha ugonjwa wa kideri na ndui ya kuku hatashindwa kutofautisha haya.

Mbwa anayeacha pamelowa pale alipolala, lakini akiwa macho anakojoa kama kawaida, mara nyingi ana tatizo la msuli wa kibofu. Hali hii huonekana zaidi kwa majike walioondolewa kizazi, hasa wenye miili mikubwa, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiusaidia msuli huo imepungua.

Mbwa anayekojoa kidogo kidogo mara nyingi, anayejikamua, au ambaye mkojo wake una damu au harufu kali isiyo ya kawaida, huenda ana maambukizi ya kibofu au mawe. Kwa dume mzee ambaye hajahasiwa, tezi dume iliyovimba nayo huleta matatizo ya kukojoa, na wakati mwingine matone ya damu.

Mbwa anayekunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa mengi, tatizo lake huenda haliko kwenye kibofu kabisa. Huenda figo zimechoka, au ana kisukari. Jike asiyeondolewa kizazi anayeanza kunywa maji sana wiki chache baada ya joto, akakataa chakula na kutoa usaha, kizazi chake kimejaa usaha. Hiyo ni dharura ya upasuaji na haisubiri siku ya mnada.

Yuko pia mbwa ambaye kibofu chake ni kizima lakini miguu ya nyuma inauma. Anajua anataka kukojoa, ila hawezi kuinuka kwa wakati. Na yuko aliyezeeka ubongo, ambaye hukesha akizunguka, husimama akitazama ukuta na kusahau alikofundishwa kukojoa.

Alama mbili zinahitaji haraka ya pekee. Mbwa anayejikamua bila kutoa hata tone njia yake imeziba, na asipotibiwa anaweza kufa katika siku chache. Na mbwa ambaye ghafla anadondosha mate, analegea taya au miguu na kubadilika tabia, pamoja na kuvuja mkojo, asishikwe kwa mikono mitupu. Huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ambacho si lazima kije kwa ukali. Afungiwe bila kuguswa na bwana mifugo aitwe mara moja. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Wiki moja ya kuchunguza

Kwa mbwa asiye na dalili hizo za dharura, mkulima anaweza kuanza bila kutoa hata senti. Anachohitaji ni wiki moja, daftari na chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Mbwa abaki uani kwa siku hizo, asiende kunywa mtaroni wala mtoni. Maji yapimwe kwa chupa asubuhi, na yanayobaki yapimwe tena kesho yake. Uzito wake unapatikana kwa mzani uleule wa kupimia mpunga: mtu anapanda akiwa amembeba mbwa, kisha anapanda peke yake, na tofauti ndiyo kilo za mbwa. Mbwa wa kilo 20 kwa kawaida hunywa takriban lita moja kwa siku, au kidogo zaidi. Akivuka lita mbili siku kadhaa mfululizo, bila jua kali wala kazi nzito, huyo ni mgonjwa na lazima apimwe.

Kwenye daftari yaandikwe mambo manne: amekunywa kiasi gani, pamelowa wapi na saa ngapi, mkojo una rangi gani, na je, alikuwa amelala au alikuwa anajua. Siku ya kwenda kwa mtaalamu, mkojo wa asubuhi ukingwe kwenye chombo kisafi na ufikishwe ndani ya saa chache. Kipimo cha mkojo ni rahisi kufanyika, na kinaweza kuonyesha sukari, damu na dalili za maambukizi.

Daftari hilo lina faida kuliko maneno mia. Daktari wa mifugo akiambiwa tu kwamba "mbwa anakojoa hovyo", atalazimika kuanza mwanzo. Akionyeshwa daftari la siku saba, nusu ya kazi imekwishafanyika, na mkulima hatalipia vipimo asivyovihitaji.

Katika kipindi chote hicho mbwa asinyimwe maji. Kosa hili hufanywa hata na watu wenye nia njema. Mbwa mwenye figo zilizochoka hunywa sana kwa sababu mwili wake unapoteza maji, na akinyimwa figo huharibika haraka zaidi. Mbwa mwenye maambukizi naye anahitaji maji ili kibofu kijisafishe.

Hatari ya dawa za kubahatisha

Turiani haina upungufu wa maduka ya dawa za mifugo. Tatizo ni mazoea. Ng'ombe akiumwa, oksitetrasaiklini. Mbuzi akiumwa, oksitetrasaiklini. Mbwa akivuja mkojo, sindano ileile, kwa kipimo cha kukisia. Kama tatizo ni msuli uliolegea, sindano hiyo haifanyi lolote. Kama ni maambukizi, dawa isiyofaa au dozi iliyokatizwa huwaacha vijidudu vikiwa sugu zaidi, na usugu huo haubaki kwa mbwa peke yake.

Hatari kubwa zaidi ni dawa za binadamu. Mbwa mzee anayechechemea huonewa huruma na kupewa ibuprofeni au diklofenaki iliyobaki kwenye droo. Kwa mbwa, dawa hizo zinaweza kutoboa tumbo na kuua figo. Mtu anaweza kumkuta mbwa wake amekufa baada ya siku chache akadhani ni uzee, kumbe ni vidonge.

Ukweli wa kutia moyo ni kwamba sababu nyingi kati ya hizi zina tiba au nafuu. Maambukizi ya kibofu hupona kwa dawa sahihi iliyomalizwa. Tezi dume iliyovimba kwa uzee hupungua baada ya mbwa kuhasiwa. Kizazi chenye usaha hutibiwa kwa kukiondoa, mradi mbwa afikishwe mapema. Hata msuli uliolegea una dawa: fenilipropanolamini ambayo huukaza, na kwa majike walioondolewa kizazi, vidonge vya homoni ya estrioli. Hizi si dawa za kutegemewa kukutwa kwenye kila duka la kijijini, na ni za kuandikiwa na daktari wa mifugo baada ya kupima, kwa kuwa zina madhara kwa mbwa mwenye matatizo ya moyo, shinikizo la damu au figo.

Isieleweke kwamba majike wasiondolewe kizazi kwa kuogopa mkojo wa uzeeni. Ni baadhi yao tu wanaopata tatizo hilo, wakati jike anayeachwa azae hovyo huleta watoto wasio na chanjo wala mwenyewe, na yeye hubaki katika hatari ya kizazi kujaa usaha.

Kwa kesi ngumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ipo mjini Morogoro. Mkulima wa Turiani ana bahati ambayo wakulima wa mikoa mingi hawana: chuo kinachofundisha madaktari wa mifugo kipo katika mkoa wake, na lami ya Magole hadi Turiani imeifupisha safari iliyokuwa adha wakati wa masika.

Malazi kwa vitu vya palepale

Huko Ulaya na Marekani mbwa wazee huvalishwa nepi. Kwa joto la Turiani, nepi inayovaliwa kutwa nzima itazaa vidonda kabla ya kuleta usafi. Vifaa bora zaidi vipo kijijini, na vingine hutupwa.

Mbwa mzee atengenezewe kichanja kifupi cha fito, kiasi cha kiganja kimoja kutoka ardhini, chini ya paa na mbali na mlango wa jikoni. Mkojo upite katikati ya fito uanguke kwenye pumba za mpunga, ambazo kila mashine ya kukoboa ina mlima wake. Pumba zibadilishwe kila siku na zile zilizolowa zifukiwe mbali na kisima, mtaro na bustani ya mboga. Juu ya fito pawekwe gunia kuukuu, na liwepo la pili la kubadilisha wakati la kwanza limefuliwa na kuanikwa juani.

Mbwa atolewe nje kukojoa kabla watu hawajalala, na tena alfajiri mlango unapofunguliwa. Mwenye miguu mibovu asaidiwe kuinuka kwa kupitishiwa kipande cha kanga chini ya tumbo. Mnene apunguziwe ugali, kwa maana uzito wa tumbo hukibana kibofu na kuumiza viungo.

Ngozi ya nyuma na ya tumbo ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta mepesi ya mgando ili mkojo usiiunguze. Manyoya marefu yapunguzwe kwa mkasi. Ngozi iliyolowa muda wote hupata vidonda, vidonda huita nzi, na nzi hutaga mayai.

Yupo nzi mwingine wa kuangaliwa zaidi. Ni yule ambaye mayai yake kwenye nguo zilizoanikwa mahali pabaya ndiyo sababu mama wengi husisitiza nguo za mtoto zipigwe pasi. Nzi huyo hupenda kutaga kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi. Mayai yakianguliwa, funza huingia kwenye ngozi ya mbwa anayelala hapo, na ya mtoto anayecheza hapo. Kichanja na pumba zinazobadilishwa ni kinga kwa wote wawili.

Afya ya watu nyumbani

Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ulikuwa leptospirosisi, ulioitwa Homa ya Mgunda. Wakati wa kutangazwa, watu 20 walikuwa wameugua na watatu kati yao wamefariki dunia. Mgunda katika lugha kadhaa za nchini ni shamba, na jina hilo limekaa mahali pake. Duniani kote ugonjwa huu unajulikana kwa kuwapata wakata miwa na wakulima wa mpunga, watu wanaokanyaga maji na matope siku nzima wakiwa na michubuko miguuni.

Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama: panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa. Huishi muda mrefu kwenye maji na udongo wenye unyevu, lakini hufa vikikauka au vikipata dawa ya klorini. Mbwa anaweza kuvitoa bila kuonekana mgonjwa.

Haya hayasemwi ili kuwapa watu sababu mpya ya kuwaua mbwa wazee. Panya wa ghalani ni hatari kubwa zaidi na hakuna anayemwona akikojoa. Yanasemwa kwa sababu mkojo unaomwagika kila usiku mahali pamoja unahitaji utaratibu. Mbwa mzee asilale juu ya turubai la kuanikia mpunga wala kwenye magunia ya kuhifadhia. Anayesafisha avae viatu na glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, hasa akiwa na kidonda. Mahali paoshwe kwanza kwa maji na sabuni, kisha pamwagiwe klorini ya kusafishia, sehemu moja kwa kumi za maji. Klorini isimwagwe moja kwa moja juu ya mkojo, kwani hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Ipo pia chanjo ya mbwa dhidi ya leptospirosisi, ambayo ni tofauti na ile ya kichaa cha mbwa na hurudiwa kila mwaka.

Kwa familia za Kiislamu suala la najisi linaongeza uzito, na ni haki yao kulizingatia. Mafundisho yao yanaruhusu mbwa wa kulinda shamba na mifugo, na kichanja cha nje chenye mpaka unaoeleweka kinatosha kulinda mahali pa kuswalia na nguo za ibada.

Mbwa na ada ya shule

Wapo watakaouliza kwa nini fedha itumike kwa mbwa wakati mtoto hana daftari na mama anadaiwa kwenye kikoba. Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa kumlaumu anayeuliza. Jibu lake ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa haina gharama ya fedha: kuchunguza, kupima maji, kujenga kichanja, kubadilisha pumba, kutopiga. Gharama huanza kwenye kipimo na dawa, na hapo mkulima ana haki ya kuuliza bei kwanza na kuamua kama anavyoamua kwa ng'ombe.

Lakini kumtupa nako si bure. Mbwa aliyetupwa kwenye mashamba ya miwa hageuki hewa. Anakuwa mbwa koko, hapati chanjo, anakula vifaranga vya watu na anaweza kuleta kichaa cha mbwa kwenye kijiji alichotupwa. Mzigo aliotua mmoja hubebwa na jirani. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama na inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Sheria hiyo haikuandika kwamba wajibu huo unakoma mnyama akizeeka.

Ikifika mwisho wa njia

Ni lazima isemwe wazi kwamba wapo mbwa ambao hawatapona. Figo zikifa kabisa, uti wa mgongo ukikatika, au saratani ikienea, kumweka mbwa hai akilala kwenye mkojo wake, amejaa vidonda na hawezi kula, si wema. Siku hizo uamuzi sahihi ni kumpumzisha.

Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, kwa sindano, na mbwa hufa kama anayelala. Haifanywi kwa sumu, ambayo huua kwa maumivu makubwa na kuweza kumpata mtoto au mbwa wa jirani. Haifanywi kwa rungu wala panga mbele ya watoto. Baada ya hapo afukiwe kwa kina, mbali na maji.

Tofauti kati ya mkulima huyu na yule wa kiroba ni kwamba huyu ameuliza kwanza ugonjwa ni upi. Huenda wote wawili wakaishia bila mbwa, lakini huyu wa kwanza hakumzika mbwa ambaye angepona kwa dozi moja ya dawa.

Kinachoweza kufanyika pamoja

Tatizo la mkulima mmoja mmoja ni kwamba kumwita daktari wa mifugo kwa mbwa mmoja ni ghali. Mbwa kumi na watano ni hesabu nyingine. Vyama vya wakulima wa miwa, vikundi vya umwagiliaji kama vya Mkindo na vikoba vya akina mama vinaweza kuchangia usafiri wa siku moja, daktari akaja kijijini kupima wazee, kuhasi vijana na kuchanja wote.

Halmashauri nazo zinapaswa kubadilika. Katika mipango ya mifugo mbwa hukumbukwa siku ya chanjo tu. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni fursa ambayo mara nyingi hutumika nusu. Mbwa wanakuja, wanadungwa, wanaondoka. Bwana mifugo akiuliza swali moja zaidi kwa kila mwenye mbwa, "huyu analowesha anapolala?", atapata orodha ya wagonjwa ambao hakuna aliyejua wapo. Swali hilo halihitaji bajeti.

Kwa sasa, mavuno yakianza na magunia yakipangwa ndani, wapo mbwa wazee Turiani watakaolala usiku wa leo wakiwa wamelowa, na bado watabweka nguruwe akipita. Mkulima aliyepewa miaka tisa ya kukeshewa hashindwi kutoa siku saba za kuchunguza, kichanja cha fito na kapu la pumba.